Dira ya maji isiyo na waya: tuulize ufunguo uko kwa nani

Mjini Tabora siku hizi mazungumzo ya dira za maji za malipo ya kabla yanazuka popote watu wanapokutana, kuanzia kijiweni hadi msibani. Wizara ya Maji imekuwa ikizihimiza mamlaka za maji nchini zihamie kwenye dira hizo, na upande wa umeme zinatajwa mita janja zinazotuma na kupokea taarifa zenyewe, bila mteja kubonyeza namba. Wanaozikataa wanasema kitu kinachozungumza hewani lazima kitaingiliwa: mtu atakaa mbali na kompyuta yake, atukatie maji au ajichotee uniti atakavyo. Wanaozitetea, hasa wauzaji, wanajibu kwamba mawasiliano yote yamesimbwa, yaani yamefungwa kwa msimbo wa siri, kwa teknolojia ya kisasa, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanabishana pembeni mwa jambo lenyewe.

Kinachofanya kifaa kisicho na waya kiaminike au kisiaminike hakihusiani sana na mawimbi yake kupita hewani. Kinahusiana na nani anashika ufunguo wa kifaa hicho, yaani namba ya siri inayofunga na kufungua ujumbe wake, nani anaweza kukipa amri kikatii, na nani atakitunza kwa miaka yote kitakayokaa ukutani kwako. Mambo hayo hayaonekani ukiitazama dira. Hayamo kwenye kipeperushi. Yanaamuliwa siku mkataba wa ununuzi unaposainiwa, miezi mingi kabla fundi hajabisha hodi na spana yake, na ndiyo maana mjadala unaoanza siku ya kufungiwa dira huwa umechelewa.

Nianze na kifaa ambacho karibu kila nyumba yenye umeme inakifahamu. Mwaka 2024 TANESCO iliwataka wateja wa LUKU wahuishe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kuihuisha mita, la tatu la uniti zenyewe. Mtaani yakasemwa mengi. Kuna waliodai bei inapandishwa kimyakimya, na kuna waliodai mita inawekewa jicho la kutupeleleza. Mama mmoja jirani yangu kule Cheyo, mjane anayelea wajukuu, aliniita nimsaidie. Nilimkuta kwenye kigoda chini ya mita, miwani puani, mjukuu akimsomea tarakimu nne nne kutoka kwenye simu. Alikuwa ameruka moja kwa moja hadi kundi la tatu, kama alivyozoea, na mita imemkatalia mara mbili. "Mwanangu, hizi mbili za mwanzo ni za nini? Mimi hela nimetoa mara moja tu." Tuliingiza la kwanza, la pili, kisha la tatu, na uniti zikaingia. Akashukuru. Lakini swali lake lilibaki bila jibu, na lilikuwa swali zuri kuliko uvumi wote wa mtaa ule.

Jibu lake ni hili. Tokeni za LUKU zimejengwa juu ya kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya zile tarakimu 20 mna kiasi cha uniti ulizonunua na mna wakati tokeni ilipotengenezwa, unaohesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na vyote viwili vimefungwa kwa ufunguo ambao ni wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Ndiyo maana pia tokeni uliyoitumia jana inakataliwa leo, kwa kuwa mita inakumbuka dakika yake. Sasa, nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kuhesabu dakika inaishia 16,777,216, yaani karibu miaka 32, na ukihesabu kutoka 1993 unatua tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingevuka siku hiyo bila kuhuishwa isingekubali tena tokeni mpya. Yale makundi mawili ya mwanzo yalikuwa yanaibadilishia mita ufunguo, na mwanzo wa kuhesabu unahama kutoka 1993 kwenda 2014.

Nimekaa sana kwenye LUKU kwa sababu zoezi lile, lililopokelewa kwa manung'uniko, lilikuwa somo bora kuhusu uaminifu wa vifaa ambalo Watanzania wengi wamewahi kulipata, na hatukulitambua. Kila mita ina ufunguo wake. Kiwango chenyewe kimechapishwa, mhandisi yeyote anaweza kukisoma, na bado hawezi kujitengenezea tokeni kwa kuwa hana ufunguo. Waliokibuni walijua tangu mwanzo kwamba siku moja ufunguo utahitaji kubadilishwa, wakaacha njia ya kuubadilisha ambayo inapitika na mwenye ufunguo wa zamani peke yake. Na hesabu ya dakika ilipokaribia ukingoni, taasisi iliyobeba jukumu ilikuwapo bado, na ilikuwa na orodha ya mita zake. Kumbuka pia kwamba hapakuwa na mawimbi yoyote katika habari hii. Aliyebeba ujumbe hadi kwenye mita ni yule mama wa Cheyo, kwa kidole chake.

Dira ya maji ya kisasa inaondoa kidole hicho, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Dira haina umeme wa ukutani. Inaishi kwa betri inayotarajiwa kudumu miaka mingi, na betri hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine. Moja ya teknolojia zinazotumika sana duniani kwa vifaa vya namna hii ni LoRaWAN, ambayo hutuma taarifa chache kwa nguvu ndogo hadi kilomita kadhaa. Ili isile betri, dira husinzia muda mwingi. Huamka, hutuma usomaji wake, husikiliza kwa muda mfupi sana kama kuna neno kutoka mnarani, kisha hulala tena. Kwa hiyo amri ya kufunga au kufungua koki iliyo ndani ya dira haifiki pale inapotumwa. Husubiri hadi dira yenyewe izungumze. Na pale mnara ulipo mbali, kasi hushuka hadi biti 250 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kuiletea dira programu mpya baada ya kasoro kugundulika ni kazi nzito inayokula betri, na haifanyiki kama haikupangwa tangu kiwandani. Mnunuzi asiyeuliza jambo hili mapema amenunua kifaa ambacho kasoro yake itakaa nacho hadi kitakapong'olewa.

Wanaoogopa mawimbi wana haki ya kuuliza, lakini mawimbi si mahali wizi unapoanzia. Usimbaji unaotumika kwenye LoRaWAN ni ule wa kanuni iitwayo AES, wenye ufunguo wa biti 128, na hakuna mtu anayejulikana kuuvunja kwa kukisia funguo. Wauzaji wanaishia hapo, wanapumzika. Wanachoacha kusema kinafahamika na kila aliyewahi kununua kufuli za bei rahisi sokoni. Chuma ni kigumu, kufuli ni nzito mkononi, lakini ukinunua tatu za boksi moja, wakati mwingine ufunguo wa hii unafungua ile. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya IOActive walitoa ripoti kuhusu mitandao ya LoRaWAN, na walichokieleza hakikuhusu kuvunja usimbaji. Walieleza funguo zilizoachwa kwenye lebo zilizobandikwa juu ya vifaa, funguo zilizoandikwa ndani ya programu zilizo wazi kwa kila mtu, na funguo rahisi kukisia. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2016, watafiti wa Israeli na Kanada waligundua kwamba taa janja za Philips Hue zilikuwa zinalindwa na ufunguo mmoja uleule kwa taa zote za aina ile. Walipoupata waliweza kuzitawala taa za jengo zima kutoka mbali, vifaa vyao vikiwa vimebebwa na droni. Kampuni kubwa, jina kubwa, na kufuli za boksi moja.

Hapa kwetu mfano ulio karibu zaidi umefungwa chini ya siti za bodaboda. Pikipiki nyingi za mkataba, zile ambazo kijana anapeleka hesabu kila siku hadi siku itakapokuwa yake, huwekewa GPS ili mwenye mali ajue iliko na aweze kuizima kijana akikimbia nayo. Mwaka jana kijana mmoja ninayemfahamu alizimikiwa akiwa na abiria kwenye barabara ya kwenda Urambo. Mafuta yalikuwapo, plagi ilikuwa nzima. Mwenye pikipiki aliapa kwamba hakutuma amri yoyote. Tulikwenda wote watatu kwa fundi mmoja karibu na soko kuu, akafungua siti, akatuonyesha kidude cheusi kama kiberiti kilichofungwa kwa utepe, na kando yake rilei inayokata moto wa injini. Kikaratasi kilichokuja na kidude alikuwa nacho bado kwenye droo. Kilisema neno la siri ni 123456. "Kaka, hii hakuna anayeibadilisha," alisema, na alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kwa idhini ya mwenye pikipiki nilituma ujumbe mfupi kutoka simu yangu, namba ambayo kidude kile hakijawahi kuiona, nikiweka lile neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye kikaratasi na tarakimu zile sita. Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu mezani: latitudo, longitudo, na kiungo cha ramani kinachoonyesha tulipokaa. Amri ya kuzima injini ilikuwa mstari mmoja chini yake kwenye kikaratasi hichohicho.

Hatukujua nani aliizima pikipiki siku ile, na inawezekana kabisa ulikuwa waya uliolegea. Lakini jambo tulilolithibitisha ni zito kuliko tulilolifuata: yeyote anayejua namba ya laini iliyo ndani ya kidude angeweza kuizima, barabarani, ikiwa na abiria. Na hali hiyo si ya Tabora peke yake. Julai 2022 kampuni ya BitSight ilitangaza kasoro 6 katika kifaa cha kufuatilia magari cha MiCODUS MV720, mojawapo ikiwa nywila kuu iliyopachikwa ndani ya mfumo, na vifaa vilikuwa vinauzwa na 123456 ileile. Ilikadiriwa kwamba vifaa vya mtengenezaji huyo vipatavyo milioni 1.5 vilikuwa vinatumika, katika nchi 169. CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ulitoa tahadhari kuhusu kifaa hicho. Tofauti kati ya vidude hivi na VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi yetu ya mikoani, ni kwamba VTS ina msimamizi anayejulikana, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, lakini GPS ya bodaboda inafungwa na fundi, inalipiwa na mwenye mali, inamfuata kijana popote, na haina mtu wa kuulizwa.

Kuna hoja kadhaa zinazotolewa dhidi ya wasiwasi wa namna hii, na uzito wake unatofautiana sana. Dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia mara nyingi zaidi: nani atajisumbua na Tabora? Sisi hatuna benki kuu, hatuna viwanda vya silaha, mdukuzi atatafuta nini kwenye dira za maji za Ng'ambo au Isevya? Hoja hii inamfikiria mdukuzi kama mwizi anayetembea mitaani akichagua nyumba. Sivyo kazi hiyo inavyofanyika. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka mtandao wa dunia ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani, zaidi ya jozi 60, kwenye kamera za usalama, rauta na mashine za kurekodia picha. Haikuuliza kifaa kiko wapi. Kilichofunguka kilijiunga na jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta zilipo tovuti, na tovuti kubwa za Marekani zikapotea hewani kwa saa kadhaa.

Anayefikiri hiyo ni habari ya Wamarekani aitazame Liberia. Kijana wa Kiingereza alilipwa na mfanyakazi wa kampuni moja ya simu ya Liberia ili amshambulie mshindani, naye akatumia jeshi la vifaa la aina ya Mirai. Waendesha mashtaka wa Uingereza walisema kwamba Novemba 2016 mashambulizi yalipofika kileleni, wingi wake ulikatisha intaneti nchini Liberia. Januari 2019 mahakama ilimfunga miezi 32. Liberia ni maskini kuliko sisi, na haikuponywa na umaskini wake. Watanzania tuna ushahidi wa karibu zaidi: ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukuwahi kuchagua matajiri. Unatumwa kwa namba zote, na unamkamata yule aliyekuwa anasubiri kutuma hela kweli. Mashine zinazotafuta vifaa vyenye 123456 zinafanya hivyohivyo, ila hazilali.

Hoja ya pili inaelekeza kidole kwa nchi ya kutoka: vifaa vya China havifai, tununue vya Ulaya. Ina chembe ya ukweli, kwa kuwa ni muhimu kujua seva inayopokea taarifa zetu iko wapi na inafuata sheria za nani. Lakini sehemu kubwa ya vifaa vya aina hii, hata vyenye majina ya Ulaya, hutengenezwa katika viwanda vya Asia, na zile taa za ufunguo mmoja zilikuwa na jina la Kiholanzi linaloheshimika. Hati ya mahali pa kuzaliwa haituambii nani anashika ufunguo leo.

Kuna wanaosema mambo haya yasizungumzwe hadharani kabisa, kwamba kueleza dira inavyofanya kazi ni kuwafundisha wezi. Nawaelewa watumishi wanaofikiri hivyo, lakini ufundi huu uliikataa hoja hiyo zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha lugha Ufaransa, aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujaanguka. LUKU inatimiza sharti hilo. Muuzaji anayesema hawezi kueleza dira yake inavyolindwa kwa sababu za usalama anatuambia, bila kutaka, kwamba usalama wake unategemea sisi kutojua.

Hoja inayonisumbua kwelikweli ni ya bei. Mamlaka ya maji yenye madeni, inayohudumia watu wengi ambao bili ya mwezi ni mzigo kwao, ikiambiwa inunue dira ghali zaidi kwa sababu za usalama itauliza pesa itoke wapi, na itakuwa na haki. Hapa inabidi tutenganishe gharama. Kuweka neno la siri tofauti kwa kila kifaa ni hatua moja kiwandani. Uingereza imeifanya kuwa sheria: tangu 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza huko kifaa cha nyumbani cha mtandao chenye nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote, na mtengenezaji lazima aseme atakitunza kifaa kwa masasisho hadi lini na aonyeshe mahali pa kumripotia kasoro. Bidhaa za bei nafuu bado zinauzwa huko. Lakini kutunza kifaa kwa miaka 10, kukiandikia programu mpya na kuifikisha, ni gharama ya kweli inayojirudia, na mtu lazima ailipe. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria ambayo masharti yake makuu yataanza tarehe 11 Desemba 2027, na muda wa matunzo kwa kawaida hautapungua miaka 5. Hofu yangu inatoka hapo. Vifaa visivyofikia masharti hayo havitatupwa baharini. Vitatafuta masoko ambako hakuna anayeuliza, kwa bei itakayompendeza kila mjumbe wa kamati ya manunuzi.

Je, turudi basi kwenye dira ya zamani, ya mshale na msoma mita? Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana dira ile haiwezi kudukuliwa. Lakini haikuaminiwa pia. Tunakumbuka bili za makadirio, msoma mita asiyeonekana miezi mitatu, mzee aliyesafiri akarudi akakuta anadaiwa maji ambayo hakuna aliyeyanywa, na lile neno ambalo Kiswahili chetu kililipatia maana mpya kabisa: kubambikiwa. Malipo ya kabla yanaponya jeraha hilo, na kwa mpangaji anayegawana bomba na wenzake wanne ni nafuu kubwa. Mimi nazitaka dira hizi. Nazitaka zikiwa na mwenyewe anayejulikana.

Kuna upande mmoja zaidi ambao hausemwi sana. Dira inayotuma usomaji kila saa inajua nyumba inaamka saa ngapi, na inajua siku ambazo hakuna mtu nyumbani. Taarifa hizo zikiambatana na jina na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mteja haki juu yake. Mwizi wa kuvunja milango angelipa vizuri kupata orodha ya nyumba zisizotumia maji wiki hii.

Tukikubaliana kwamba kiini ni ufunguo na wajibu, basi mahali pa kupigania ni kwenye karatasi za zabuni. TUWASA hapa Tabora, KUWASA kule Kigoma na mamlaka nyingine zinazoingia mikataba ya dira zina nguvu kubwa siku moja tu, ile ya kabla ya kusaini. Siku hiyo ndiyo ya kuandika kwamba kila dira iwe na ufunguo wake, na kwamba funguo hizo ni mali ya mamlaka na zinahifadhiwa nchini, ili kampuni ikifilisika au ikigombana na mteja isiondoke na maji ya mji mfukoni. Iandikwe miaka ya matunzo, kwa tarakimu, na adhabu ya kuikatisha. Na iandikwe dira itafanya nini mtandao ukipotea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Dira inayohitaji ruhusa ya seva ya ng'ambo ili ifungue koki ingeacha watu na ndoo tupu siku hizo, wakati maji ya Ziwa Victoria yapo kwenye bomba. Kwa maoni yangu dira ikiwa na uniti iliyokwisha kulipiwa haipaswi kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na hata ikikosa mtandao mwezi mzima ni lazima iwepo njia ya kuingiza tokeni kwa mkono, kama LUKU.

Kwa vifaa vinavyouzwa madukani, kama hizo GPS na kamera, kazi hiyo haiwezi kuachiwa mamlaka za maji wala wanunuzi wenyewe. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, tayari inaidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, na imeshaonyesha kwamba ikiamua inaweza: usiku wa 16 Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima kwa kutumia namba zake za utambulisho. Kuongeza sharti moja kwenye uidhinishaji huo, kwamba kifaa chenye nywila ya kiwandani inayofanana na ya kingine kisiidhinishwe, hakuhitaji maabara mpya. Kunahitaji mkaguzi afungue maboksi mawili na asome vikaratasi. Vidude vilivyokwisha kuingia sharti hilo halitavigusa, na hivyo vitabaki mikononi mwa mafundi kwa miaka mingi. Yafaa mafundi hao wafundishwe, kwa kuwa ndio watu wa mwisho kukishika kifaa kabla siti haijafungwa.

Kwa ile pikipiki kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Fundi alituma ujumbe mmoja wa kubadilisha neno la siri, wa pili wa kukiambia kidude kisikilize namba ya mwenye mali peke yake, kisha akajaribu tena kwa simu yangu. Tulisubiri. Hakikujibu. Yule kijana akafunga siti, akarudi kijiweni, ambako pikipiki nyingine saba za mkataba zilikuwa zimepangwa kivulini, na hakuna hata mmoja kati ya wenzake aliyejua kikaratasi cha kidude chake kiko wapi.